SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali): nenosiri liruhusiwe ndani ya ofisi tu, kutoka nje ufunguo na msimbo wa simu. Nakosea wapi?

chumba_cha_seva ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Kuna seva ya Ubuntu 24.04 ofisini, anwani yake 192.168.10.5, iko nyuma ya ruta ya MikroTik yenye 192.168.10.1. Mtandao wa ndani ni 192.168.10.0/24. Poti 22 imefunguliwa kwenye ruta ili watu wawili wa kitengo waweze kuingia wakiwa nyumbani au safarini.

Ninachotaka ni hiki: aliye ndani ya ofisi aingie kwa nenosiri au kwa ufunguo, apendavyo. Anayetoka nje lazima awe na ufunguo, kisha aulizwe msimbo wa tarakimu 6 wa kwenye simu. Nenosiri peke yake kutoka nje lisikubaliwe hata kidogo.

Mwishoni mwa `/etc/ssh/sshd_config` nimeweka hivi:

```
PasswordAuthentication no

Match Address 192.168.10.0/24
    PasswordAuthentication yes

MaxAuthTries 3
Port 2222
```

`sshd -t` ilikataa mstari wa Port, nikautoa. Ndani ya ofisi kila kitu sawa. Lakini laptopu ikiunganishwa kwa data ya simu, seva bado inaomba nenosiri na inalikubali. Sehemu ya msimbo sijaigusa, nahofia kujifungia nje. Tatizo liko wapi?

---

mlango_wa_22 amejibu:

Mkuu, kwanza Port. Kizuizi cha Match hakifungwi na mstari mtupu wala na kurudisha maandishi pembeni. Kinaendelea mpaka Match nyingine au mwisho wa faili. Kwa hiyo MaxAuthTries 3 uliyoiandika inawahusu watu wa ndani peke yao, na Port ilikataliwa kwa sababu haikubaliki ndani ya Match. Vivyo hivyo ListenAddress na UsePAM. Match zikae mwishoni kabisa mwa faili kuu, chini yake pasiwe na kitu.

Sasa nenosiri kutoka nje. Sababu zinaweza kuwa mbili, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo usibadilishe chochote kabla hujajua ni ipi. Iulize sshd yenyewe (programu ya SSH kwenye seva) ingemfanyia nini mtu wa nje:

```
sudo sshd -T -C user=juma,host=nje,addr=203.0.113.7,lport=22 | grep -Ei 'passwordauth|kbdinter|authenticationmethods'
```

Weka jina la mtumiaji aliyepo kweli kwenye seva yako. 203.0.113.7 ni anwani ya mifano tu, inatosha kuwakilisha mtu wa nje. Kisha rudia ukiweka addr=192.168.10.25 na ulinganishe. Ikilalamika kwamba /run/sshd haipo, fanya `sudo mkdir -p /run/sshd` halafu rudia.

Ikikujibu `passwordauthentication yes` kwa anwani ya nje, basi mstari wako wa "no" haufanyi kazi. Kwenye Ubuntu, juu kabisa ya sshd_config kuna Include inayosoma `/etc/ssh/sshd_config.d/*.conf`, na mara nyingi humo mna 50-cloud-init.conf yenye `PasswordAuthentication yes`. Katika sehemu ya jumla, sshd inashika thamani ya kwanza iliyoikuta na kuzipuuza zinazofuata. Ya kwako iko chini, imechelewa. Angalia:

```
sudo grep -rniE 'passwordauth|kbdinter|challenge' /etc/ssh/sshd_config /etc/ssh/sshd_config.d/
```

Ikijibu `no` kwa anwani ya nje na bado nenosiri linakubaliwa, kuna mawili ya kuangalia. Kwanza `kbdinteractiveauthentication`. Ikiwa `yes` huku UsePAM nayo ikiwa `yes` (PAM ni mfumo wa Linux wa kuhakiki anayeingia), nenosiri linapita kwa mlango huo hata kama PasswordAuthentication ni `no`. Kwa anayeingia zote mbili zinaonekana sawa, anaandika nenosiri na kuingia. Kama hiyo nayo ni `no`, basi seva haimwoni huyo mtu kama wa nje. Ingia kutoka kwenye data ya simu halafu usome:

```
sudo journalctl -u ssh | grep Accepted | tail
```

Baada ya neno "from" kuna anwani gani? Tuletee hapa.

---

chumba_cha_seva:

Asante mkuu. Zote mbili zimenipata. 50-cloud-init.conf ilikuwepo na ina "yes". Nimeigeuza kuwa "no", na sshd -T sasa inajibu "no" kwa anwani ya nje. Kbdinteractive nayo ni "no". Lakini nenosiri bado linapita kutoka kwenye simu, na logi inasema:

```
Accepted password for juma from 192.168.10.1 port 51834 ssh2
```

Hiyo ni ruta yenyewe!

---

kamba_na_swichi amejibu:

Hapo ndipo hatari ilipo, na ni vizuri umeiona mapema. Ruta yako inafunika anwani ya kila anayetoka nje na kuweka ya kwake. Kwa seva, dunia nzima ni 192.168.10.1, yaani mtu wa ndani. Kanuni yako ya Match ni sahihi kabisa kimaandishi, ila imewapa nenosiri watu wote wa intaneti. Fail2ban nayo (programu inayofungia anwani zinazokosea nenosiri mara nyingi), kama ipo, haikusaidii hapo: ama itaifungia ruta na kuwatupa nje watu wako wote wa mbali, ama umeiorodhesha LAN (mtandao wa ndani) kwenye ignoreip na haifungii mtu.

Kwenye MikroTik:

```
/ip firewall nat print where chain=srcnat
```

Tafuta masquerade (kanuni ya kufunika anwani) isiyo na out-interface. Kanuni ya namna hiyo inafunika pakiti zote, zinazotoka na zinazoingia. Inatakiwa ifunike zinazotoka kwenda upande wa mtoa huduma tu. Kama ni namba 0 na intaneti yako inaingia ether1:

```
/ip firewall nat set 0 out-interface=ether1
```

Kama intaneti ni ya PPPoE, andika jina la hiyo pppoe-out, siyo ether1. Kisha jaribu tena kutoka kwenye simu, logi ionyeshe anwani halisi ya kampuni ya simu.

Ipo kanuni nyingine inayoweza kuonekana hapo: masquerade yenye src-address=192.168.10.0/24 na dst-address ya seva. Hiyo imewekwa ili aliye ofisini akitumia anwani ya nje ya ofisi arudi ndani. Haina ubaya, lakini anayepita humo naye ataonekana kama 192.168.10.1. Usimlegezee. Mwekee jina la ndani kwenye DNS ya ruta ili aende moja kwa moja:

```
/ip dns static add name=seva.ofisi.lan address=192.168.10.5
```

Na kwenye Match iondoe ruta waziwazi, hata baada ya kuirekebisha. Ruta ikija kubadilishwa au kurudishwa mipangilio ya kiwandani, mlango usifunguke wenyewe:

```
Match Address 192.168.10.0/24,!192.168.10.1
```

Alama ya ! peke yake haitoshi kumlinganisha mtu, ni lazima iwe na upande unaokubali kama hapo juu. Na uandike anwani ya mtandao yenyewe: 192.168.10.5/24 itakataliwa, kwa sababu /24 lazima iishie na 0.

Wengi hukosea pia kwenye masafa wanayoyaamini. Usiweke 127.0.0.1 kwenye orodha ya ndani: handaki lolote la kurudi nyuma, liwe la ssh -R au la huduma ya kupitisha seva kwenye intaneti, linaingia kwa anwani hiyo. Usiweke 10.0.0.0/8 nzima kwa kurahisisha. Usiweke 100.64.0.0/10, hayo ni masafa ambayo watoa huduma wanawagawia wateja wengi wanaochangia anwani moja ya nje. Na kama Wi-Fi ya wageni iko kwenye 192.168.10.0/24 hiyohiyo, mgeni aliyekuja kusubiri miadi naye ni mtu wa ndani. Mtengee 192.168.20.0/24 kabla hujaendelea na mengine.

IPv6 nayo. Kama mtoa huduma anakupa, laptopu ya ofisini inaweza kuingia kwa anwani ya v6 na ikahesabiwa ya nje. Hilo ni usumbufu tu. Kubwa zaidi ni kwamba seva inaweza kufikika kutoka nje kwa v6 bila kupita kwenye poti uliyoielekeza, ikiwa faiawoli ya v6 kwenye ruta iko wazi. Kama huitumii, weka `AddressFamily inet` kwenye sehemu ya jumla.

---

mlango_wa_22:

Nyongeza kwa alichosema ndugu hapo juu. Anwani ya anayekuja ni kitu ambacho kifaa kingine kinaweza kukibadilisha njiani. Poti aliyoingilia ni ngumu zaidi kuchanganywa. Kwa hiyo tumia milango miwili: 22 ya ndani, 2222 ya nje. Ruta ipeleke 2222 kwenda 2222, na ile ya 22 uifute kabisa:

```
/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=ether1 protocol=tcp dst-port=2222 action=dst-nat to-addresses=192.168.10.5 to-ports=2222
```

Kwenye seva, kama unatumia ufw (faiawoli ya Ubuntu):

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw limit 2222/tcp
```

Neno limit linamzuia anayegonga mara 6 au zaidi ndani ya sekunde 30. Kama kulikuwa na kanuni ya zamani ya kuruhusu 22 kwa wote (OpenSSH), ifute, la sivyo hiyo ya kwanza haina kazi.

Sasa mipangilio yenyewe. Sehemu ya jumla iwe ndiyo kali, na Match iwe ndiyo ruhusa ya pekee. Ukigeuza, yaani jumla iwe legevu na Match imkazie mtu wa nje, basi siku anwani isiyotarajiwa ikijitokeza itaangukia kwenye ulegevu. Kwa mpangilio huu, kosa lolote la anwani linamfanya mtu wa ndani aulizwe zaidi. Atalalamika, utarekebisha.

Faili jipya `/etc/ssh/sshd_config.d/10-ingia.conf`. Namba 10 inasomwa kabla ya 50, kwa hiyo faili la cloud-init halitakutangulia tena:

```
Port 22
Port 2222
PermitRootLogin no
PubkeyAuthentication yes
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication yes
AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive:pam
UsePAM yes
```

Na mwishoni mwa sshd_config kuu:

```
Match LocalPort 22 Address 192.168.10.0/24,!192.168.10.1
    PasswordAuthentication yes
    AuthenticationMethods publickey password
```

Angalia mkato na nafasi kwenye AuthenticationMethods, maana vinabeba maana tofauti kabisa. Mkato ni "hiki kisha hiki", vyote viwili kwa mpangilio. Nafasi ni "hiki au hiki". Masharti mawili kwenye mstari mmoja wa Match lazima yote yatimie, kwa hiyo hata ruta ikirudi kufunika anwani, aliyepita 2222 hapati nenosiri peke yake.

Poti ikibadilika kwenye 24.04, kuwasha upya ssh peke yake hakutoshi, kwa sababu systemd ndiyo inayosikiliza:

```
sudo sshd -t && sudo systemctl daemon-reload && sudo systemctl restart ssh.socket
```

Kwa mabadiliko mengine, `systemctl reload ssh` inatosha. Kwa wenye Linux ya Alma au Rocky, huduma inaitwa sshd, na SELinux (mlinzi wa ziada wa mifumo hiyo) itaikataa 2222 mpaka uiandikishe: `semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 2222`.

Usiwashe hiyo AuthenticationMethods ya jumla kabla ya PAM kuwa tayari. Anayeijua vizuri PAM aendelee hapo.

---

nguzo_ya_pam amejibu:

Nachukua hapo. Makosa mengi ya msimbo yanatokea kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema: weka pam_google_authenticator juu, kisha weka # mbele ya `@include common-auth`. Hiyo inafaa kwa seva yenye kanuni moja. Kwako itavunja mlango wa ndani: nenosiri la mtu wa ofisini linapita kwenye rundo hilohilo la `/etc/pam.d/sshd`, kwa hiyo litapelekwa kwenye moduli ya msimbo, moduli italiona siyo msimbo, na mtu atakataliwa huku nenosiri lake ni sahihi kabisa. Ukiiacha common-auth bila kuigusa, mtu wa nje ataulizwa vyote: ufunguo, msimbo na nenosiri.

Dawa ni kuifanya PAM nayo itambue ndani na nje. Sakinisha:

```
sudo apt install libpam-google-authenticator
```

Tengeneza `/etc/security/ssh-ndani.conf`:

```
-:ALL:192.168.10.1
+:ALL:192.168.10.0/24
-:ALL:ALL
```

Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, kwa hiyo ruta iko juu. Kisha juu ya `/etc/pam.d/sshd`, pale palipo na `@include common-auth`, iwe hivi:

```
auth [success=1 default=ignore] pam_access.so accessfile=/etc/security/ssh-ndani.conf
auth [success=done default=die] pam_google_authenticator.so
@include common-auth
```

Isome taratibu. Mtu wa ndani: pam_access inafaulu, success=1 inaruka mstari mmoja, anafika common-auth, anaulizwa nenosiri. Mtu wa nje: pam_access inakataa, lakini default=ignore inasema kukataa huko kusihesabike, anashuka kwenye msimbo. Msimbo ukikubali, done inamaliza, haulizwi nenosiri. Ukikosea, die inamkata hapohapo. Ukiongeza mstari wowote katikati ya hii mitatu, hesabu ya success=1 inaharibika, na mtu wa ndani ataanza kuombwa msimbo au kitu kingine usichokitegemea.

UseDNS iache kwenye "no", ndiyo chaguo la kawaida. Ukiiwasha, PAM inaweza kupewa jina la kompyuta badala ya anwani, na faili lako la anwani halitalingana.

Ufunguo wenyewe haupiti kwenye mistari ya auth ya PAM. Ndiyo maana AuthenticationMethods inataja keyboard-interactive baada ya publickey: bila hiyo, mwenye ufunguo angeingia na msimbo usiulizwe kamwe.

Kila mtumiaji wa nje aandikishe simu yake akiwa bado ofisini, kwa jina lake mwenyewe, bila sudo:

```
google-authenticator -t -d -f -r 3 -R 30 -w 3
```

-t ni misimbo ya muda, -d inazuia msimbo mmoja kutumika mara mbili, -r 3 -R 30 ni majaribio 3 kila sekunde 30, na -w 3 inakubali msimbo uliotangulia, wa sasa na unaofuata. Itatoa mchoro wa kupiga picha kwa simu na misimbo 5 ya dharura yenye tarakimu 8. Hiyo iandikwe kwenye karatasi na kufungiwa mahali, isiwekwe kwenye simu ileile. Asiyejiandikisha hataingia kutoka nje, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usiongeze `nullok` (inayompitisha asiyejiandikisha) ukaisahau.

Misimbo ikikataliwa ghafla kwa watu wote, angalia saa ya seva kabla ya kitu kingine. Msimbo unabadilika kila sekunde 30, seva ikichelewa dakika 2 hakuna atakayeingia. `timedatectl` ionyeshe "System clock synchronized: yes". Kwenye mashine za zamani, betri ya CR2032 ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma mpaka seva ipate intaneti na kujirekebisha.

---

chumba_cha_seva:

Nimeelewa, shukrani sana wote. Swali moja la mwisho: kuna bakapu ya usiku inayovutwa kwa rsync kutoka seva ya tawi jingine, inaingia kwa mtumiaji "bakapu". Haina mtu wa kuandika msimbo. Na nijaribuje yote haya bila kujifungia nje?

---

nguzo_ya_pam:

Bakapu ipewe Match yake, na ikae JUU ya ile ya LAN. Neno moja likitajwa kwenye Match mbili zote zinazolingana, ya kwanza ndiyo inayotumika.

```
Match User bakapu Address 203.0.113.7
    AuthenticationMethods publickey
```

Weka anwani halisi ya tawi. Kama tawi halina anwani isiyobadilika, usilegeze kwa kuandika *. Unganisha ofisi mbili kwa WireGuard (handaki la VPN) na utumie anwani ya handaki. Na kwenye authorized_keys ya bakapu, mbele ya ufunguo uweke:

```
restrict,from="203.0.113.7",command="/usr/bin/rrsync -ro /srv/data" ssh-ed25519 AAAA...
```

Ufunguo huo ukiibwa, hauna terminali, hauna handaki, na unasoma saraka moja tu. Upande wa tawi, njia ya rsync iandikwe kuanzia ndani ya /srv/data, maana rrsync inaihesabu hiyo kuwa ndiyo mzizi. Usisahau `-e 'ssh -p 2222'` kwenye amri ya rsync ya tawi.

---

mlango_wa_22:

Kujaribu: fungua terminali mbili zilizoingia tayari, moja usiiguse. Nakili sshd_config na pam.d/sshd kwenye /root, hiyo ya pili kwa jina pam-sshd. Kisha panga zirudi zenyewe (sakinisha `at` kama haipo, na uendeshe hii ukiwa root):

```
echo 'cp /root/sshd_config /etc/ssh/; cp /root/pam-sshd /etc/pam.d/sshd; rm -f /etc/ssh/sshd_config.d/10-ingia.conf; systemctl daemon-reload; systemctl restart ssh.socket ssh' | at now + 15 minutes
```

Fanya mabadiliko, endesha sshd -t, halafu sshd -T -C mara tatu: anwani ya ndani na lport=22, ya nje na lport=2222, na ya ruta na lport=22. Ya kwanza tu ndiyo ionyeshe passwordauthentication yes. Baada ya hapo jaribu kwa data ya simu:

```
ssh -v -p 2222 -o PubkeyAuthentication=no juma@anwani-ya-ofisi
```

Jibu liwe "Authentications that can continue: publickey" na mlango ufungwe bila kuulizwa nenosiri. Rudia bila hiyo -o. Ufunguo ukikubaliwa utaona "partial success", kisha ombi la msimbo. Ukiombwa "Password:" badala ya msimbo, maana yake PAM imemwona mtu huyo kama wa ndani, rudi kwenye ssh-ndani.conf na kwenye ruta. Mtu wa ofisini naye ajaribu nenosiri kwenye 22.

Yote yakikubali, `atq` ikupe namba ya ile kazi, kisha `atrm` uifute kabla dakika 15 hazijaisha.